Hali, si hadhi: kuulizia hazina iliyo kwenye seva ya mbali

Hali (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni namna kitu kilivyo kwa wakati fulani. Hadhi, ya ngeli hiyohiyo, ni heshima au cheo. Mgonjwa huulizwa hali, haulizwi hadhi. Ndivyo ilivyo pia kwa hazina ya msimbo wa kompyuta: anayeandika «angalia hadhi ya hazina» ameuliza jambo jingine kabisa.

Kinachoulizwa

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni programu ya udhibiti wa matoleo. Huhifadhi hatua za mabadiliko ya mafaili ndani ya hazina, ili kazi ya jana isipotee kwa sababu ya kazi ya leo. Amri ya kuulizia hali yake ni `git status`. Hazina ikiwa kwenye seva ya mbali, mtu huingia humo kwa `ssh` na kuiandika amri hiyo mwenyewe, au humwagiza wakala.

Wakala (ngeli ya a-/wa-) ni ndugu wa neno *wakili*. Yote mawili yana asili ya Kiarabu na yanabeba maana ya kukabidhiwa jambo la mwingine. Katika kompyuta, wakala ni programu inayotumia modeli ya lugha kufahamu maagizo, kisha ikaendesha amri kwa niaba ya mwenye kuagiza. Agizo lililokamilika laweza kuwa hivi:

> Ingia kwenye seva ya tovuti. Nitajie jina la seva na folda uliyomo. Endesha `git fetch`, halafu `git status`. Nipe majibu kama yalivyo. Usibadilishe faili lolote.

Wapi?

Wakala aweza kuendesha amri kwenye kompyuta iliyo mezani pako ilhali wewe wadhani yuko kwenye seva. Majibu yatakuwa ya kweli, ila ni ya mahali pengine. Kwa hiyo na aanze kwa `hostname` na `pwd`, ambazo hutaja jina la mashine na folda.

Hapa viambishi vya mahali, -po, -ko na -mo, hufanya kazi kubwa. Git husema kuna mafaili yasiyofuatiliwa, yaani yaliyowekwa kwenye folda bila kuingizwa katika hazina. Kiswahili hulieleza jambo hilo kwa maneno machache: *faili lipo, lakini halimo*. Lipo kwenye folda. Halimo katika hazina. Anayesema «faili liko» tu hajamwambia msikilizaji lolote la kutegemea.

Lini?

Watu wengi hukosea hapa. `git status` pekee haiendi kuuliza hazina kuu. Hulinganisha tawi lililopo kwenye seva na habari zilizoletwa mara ya mwisho. Kama habari hizo ni za wiki iliyopita, Git itajibu kwamba tawi linakwenda sawa na hazina kuu, hata kama wenzako wameongeza mabadiliko kumi tangu hapo. `git fetch` ndiyo inayoleta habari mpya, bila kugusa mafaili yanayofanyiwa kazi.

Basi tofautisha -li- na -me-. Kabla ya `git fetch`, ripoti ya haki ni: *Tawi lilikuwa sawa na hazina kuu tulipoulizia mara ya mwisho.* Baada yake twaweza kusema: *Nimeulizia sasa hivi, tawi limeachwa nyuma kwa hatua kumi.* Wakala akisema «tawi liko sawa», muulize: tangu lini?

Kuulizia si kusafisha

Tuseme mtu alirekebisha faili moja papo hapo kwenye seva, usiku, tovuti ilipokwama, wala hakuyaingiza mabadiliko hayo katika hazina. `git status` italitaja faili hilo kuwa limebadilishwa. Wakala anayetaka kuonyesha hali safi huenda akapendekeza `git reset --hard`. Amri hiyo hulirudisha faili lilivyokuwa katika hatua ya mwisho iliyohifadhiwa, na marekebisho ya usiku ule hufutika. Kwa kuwa hayakuwahi kuingizwa hazinani, Git haina nakala ya kuyarejesha.

Ndiyo maana agizo letu lilimalizika kwa katazo. *Kuulizia* ni kutaka habari. *Kusafisha* ni kuondoa. Ripoti iliyojaa mafaili yaliyobadilishwa si aibu ya seva. Ni habari kwamba kuna kazi ya mtu pale, na mtu huyo hana budi kuulizwa kwanza.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema haulizwi. Wakala akirudi na habari, mwulize alikuwa wapi na habari hizo ni za lini, kisha uamue.