Daftari, Ankara na Kompyuta: Kituo cha Afya cha Kijijini Kichague Nini?

Kila mgonjwa anayetibiwa huacha nyuma yake alama mbili. Ya kwanza ni habari: jina lake, umri wake, ugonjwa uliogunduliwa na dawa aliyopewa. Ya pili ni hesabu: gharama ya huduma hiyo na nani ailipe. Habari ikipotea, tabibu atakayemwona mgonjwa huyo mara ya pili atafanya kazi gizani. Hesabu ikipotea, kituo kitakosa fedha za kununulia dawa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kituo cha afya kinavyoweza kuchagua mfumo wa kompyuta wa kutunza alama hizo mbili. Katika kueleza tutaifikiria Kilimarondo, kata ya wilaya ya Nachingwea katika Mkoa wa Lindi, iliyo mbali na miji mikubwa, ambako fedha mkononi mwa mkulima hufuata msimu wa korosho na ufuta.

Kuandika mara nne

Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu hutumia vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5, wajawazito katika kitabu namba 6, na kadhalika. Mwaka 1993 Serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi. Hivyo juu ya vitabu pakaongezeka stakabadhi na fomu za madai.

Tuchukue mkulima mwenye kadi ya bima anayeugua malaria. Jina lake huandikwa kitabuni, kisha maabara, kisha kwenye dirisha la dawa, kisha katika fomu ya madai. Tukadirie kuwa kila mara huchukua dakika 2, na kwamba kituo hupokea wagonjwa 60 kwa siku. Basi 4 × 2 × 60 ni dakika 480, yaani saa 8 kamili za mtumishi mmoja. Zaidi ya hayo, kila kunakili ni nafasi ya kukosea. Fomu ikitofautiana na kitabu, madai yaweza kukataliwa, na dawa iliyokwisha kutolewa isilipiwe.

Manufaa makuu ya kompyuta, basi, si wepesi wa kuhesabu. Ni uwezo wa kuandika jambo mara moja tu, kisha kulitumia pote: katika tiba, katika ankara na katika taarifa ya mwezi. Mfumo unaotaka habari ile ile iingizwe upya na keshia haujaondoa tatizo, bali umelihamisha kutoka katika karatasi na kulitia katika kioo.

Mifano miwili

Wananchi wa Nachingwea hawana haja ya kusafiri mbali ili kujifunza hasara ya zana zilizochaguliwa bila kuuliza mahali zitakapofanya kazi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo, ikilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa yamekwisha tumika. Vichaka viliyashinda, vipuri na mafundi vilipungua, na udongo wa Kongwa ukawa mgumu mno wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Matrekta yalikuwa na nguvu, lakini hayakuwa yamechaguliwa kwa kuitazama ardhi yenyewe.

Mfano wa pili ni wa kutia moyo, tena unahusu kompyuta zenyewe. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka mfumo mdogo wa kumbukumbu. Hawakumlazimisha tabibu kupiga taipu. Mgonjwa alisajiliwa kwa kompyuta, akapewa fomu ya karatasi, akapita nayo kwa muuguzi, tabibu na dirisha la dawa. Alipokuwa akitoka, karani aliingiza yaliyoandikwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38. Kazi iliyoanzia hapo ilichangia kuzaliwa mwaka 2004 kwa OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi.

Maswali ya kuuliza

Katika vituo vya umma nchini Tanzania, mfumo huweza kutoka serikalini. Mfano ni GoT-HOMIS, uliotengenezwa chini ya TAMISEMI, ambao hushughulikia usajili, tiba, dawa na malipo. Hata hivyo maswali yafuatayo yanakihusu kila kituo, kiwe cha umma, cha dini au cha mtu binafsi.

Swali la kwanza ni la umeme. Kompyuta ya mezani huweza kutumia wati 150, na ya mkononi wati 40. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 hubeba saa-wati 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo tuna saa-wati 600. Gawanya: kompyuta ya mezani itafanya kazi saa 4, ya mkononi saa 15. Tofauti hiyo ni sawa na kufunga kazi saa sita mchana au kuhudumia hadi usiku.

La pili ni la mtandao. Je, mfumo huhifadhi kumbukumbu kituoni na kuzituma mawasiliano yanaporudi, au husimama mara mtandao unapokatika? Kwa Kilimarondo mfumo wa namna ya kwanza ndio unaofaa.

La tatu ni la utambulisho. Majina kama Hamisi na Fatuma ni mengi, kwa hiyo kila mgonjwa apewe nambari yenye tarakimu ya ulinzi. Mnamo mwaka 1954 Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliomba hataza ya mbinu moja rahisi. Chukua nambari 4172. Kuanzia kulia, zidisha kwa 2 tarakimu ya kwanza na ya tatu: 2 huwa 4, na 1 huwa 2. (Jibu likizidi 9, toa 9.) Jumlisha zote: 4 + 7 + 2 + 4 = 17. Ili kufikia 20 tunahitaji 3, basi nambari kamili ni 41723. Karani akikosea na kuandika 41273, jumla haitafika kwenye kumi kamili, na kompyuta itakataa. Mgonjwa ameepushwa na faili la mtu mwingine.

La nne ni la siri na milki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda habari za afya. Kila mtumishi awe na neno lake la siri, na mkataba useme wazi kuwa kumbukumbu ni za kituo, nacho chaweza kuzitoa zote endapo mwuzaji wa mfumo atafunga biashara.

Nani kwanza: keshia au tabibu?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sera yetu ya afya inawasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Keshia mwenye daftari humwona mtoto mgongoni mwa mama yake, akaandika msamaha. Kompyuta haioni. Ikiwa imepangwa kwamba faili halifunguki kabla ya malipo kuingizwa, mtoto mwenye homa kali atangoja barazani kwa sababu ya mpangilio uliofanywa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo, kabla ya kuupokea mfumo wowote, kituo kiujaribu kwa wagonjwa watatu wa kubuni: mwenye bima, mwenye msamaha na mahututi aliyeletwa usiku bila fedha wala kadi. Mfumo ambao haumfikishi huyo wa tatu kwa tabibu haufai, hata kama ankara zake ni safi namna gani.

Walimu wa hisabati na fizikia waweza kuligeuza somo hili kuwa kazi ya darasa. Wanafunzi watengeneze nambari tano kwa mbinu ya Luhn, wabadilishane na kutafuta makosa. Kisha wachore njia ya mgonjwa tangu mlangoni hadi dirisha la dawa, wakitia alama kila mahali jina lake linapoandikwa. Mchoro huo utawaonyesha mahali ambapo kompyuta itasaidia, na mahali ambapo kalamu yatosha.