Je, Wajua? Paka Aliyenona Hashindishwi Njaa

Njaa ya siku chache inaweza kumuua paka mnene
Ungedhani mwenye akiba ya mafuta ndiye atakayestahimili njaa. Kwa paka ni kinyume kabisa! Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, ini huzidiwa, na ufizi na macho hugeuka manjano. Basi wewe mkazi wa Mkongo ambaye paka wako amenona hadi anashindwa kurukia magunia ya mpunga, usimnyime chakula ukidhani njaa itamrudisha kuwinda panya. Mpunguzie taratibu: paka wa kilo 6 akishuka gramu 60 kwa wiki, inatosha. Akisusa kula siku nzima, mwite bwana mifugo.

Mlo wa paka ni panya 8 hivi kwa siku
Panya mdogo wa nyumbani ana takriban kilokalori 30, na paka wa kilo 4 huhitaji kama 250 kwa siku. Ameumbwa kula kidogo kidogo, mara nyingi, siyo kukaa mbele ya sahani inayojazwa kila ikipungua. Ukipunguza, anza na wali wa nazi na mafuta ya kukaangia, samaki mwachie. Paka akikosa taurini, kirutubisho kilichomo kwenye samaki na nyama, anaweza kupofuka na moyo wake ukadhoofika.

Ugali umo kwenye jeni za mbwa
Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionesha kwamba mbwa-mwitu wa nchi za baridi (siyo hawa wetu wa Hifadhi ya Nyerere) ana nakala 2 za jeni la kumeng'enya wanga. Mbwa wa nyumbani anazo 4 hadi 30! Ugali na ukoko vinamkubali sana, na hapo ndipo unene unapoanzia. Mbwa wa shamba anakesha akifukuza nguruwe pori. Yule wa getini pale Kibiti mjini anapewa bakuli lilelile, kisha analala.

Robo pungufu, karibu miaka miwili zaidi
Huko Marekani, mbwa 48 wa aina ya Labrador waligawanywa jozi jozi, kila mmoja na ndugu yake. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 maisha yake yote. Matokeo yalitoka 2002: waliokula kidogo waliishi takriban miaka 13, wenzao 11.2.

Mizani unayo mkononi
Pitisha vidole ubavuni. Ukizihisi mbavu bila kubonyeza, mnyama yuko sawa. Ukilazimika kuzitafuta, amezidi.

Paka wa kilo 21.3
Aliitwa Himmy, wa Australia, na alikaribia uzito wa mfuko wa mchele wa kilo 25. Alikufa 1986 akiwa na miaka 10 tu, kwa kushindwa kupumua. Kitabu cha rekodi cha Guinness hakipokei tena rekodi ya paka mzito kuliko wote, watu wasije wakawalisha paka wao kupita kiasi ili waingie humo.