‘Objection’ na ‘Pingamizi’: Maana na Matumizi ya Neno la Kutokubaliana katika Kiswahili cha Mahakama

1.0 Utangulizi

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kabla ya hapo, mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, ilhali hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziliandikwa kwa Kiingereza. Katika mpito huo, neno la Kiingereza la kutokubaliana, objection, limezoeleka kwa kisawe kimoja: pingamizi. Makala haya yanaonyesha kwamba maneno hayo yanakaribiana kiasili lakini yanatofautiana kimatumizi, na kwamba tofauti hiyo inaweza kumgharimu mshtakiwa haki yake.

2.0 Asili na Umbo

Objection linatokana na kitenzi cha Kilatini obicere, yaani kutupa kitu mbele ya kingine. Pingamizi nalo lina mzizi -ping-, wenye maana ya kuweka kitu kikakatiza njia. Kiambishi -am- huzaa pingama, kama kinga inavyozaa kingama, nacho huonyesha kitu kukaa katika hali fulani. Hivyo basi, pingamizi ni kitu kilicholala njiani. Sitiari ya lugha zote mbili ni moja. Kwa mtazamo wa etimolojia, kisawe hiki hakina dosari.

3.0 Matumizi

Kiswahili hugawa uwanja wa kutokubaliana kwa vitenzi mahususi. Mtu hubisha kauli, hukana tendo au deni, hukataa ombi, na hupinga jambo linalotaka kufanyika. Objection ya kisheria imo katika kundi la mwisho pekee: hulenga hatua ya shauri na hudai sababu. Katika shauri la Mukisa Biscuit la mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba pingamizi la awali hujengwa juu ya hoja ya sheria, si juu ya mambo yanayohitaji kuthibitishwa kwa ushahidi. Hapo kinachozuiwa ni shauri, si mtu.

Nje ya mahakama hali ni tofauti. Wakati wa uchaguzi husemwa kwamba mgombea “amewekewa pingamizi”. Kauli ya kutendea katika wekea humfanya mtu kuwa mlengwa wa tendo. Aidha, mpinzani na upinzani, maneno ya mzizi uleule, yamezama katika siasa za vyama. Kwa msemaji wa kawaida, kuwa na pingamizi ni kusimama dhidi ya mtu fulani.

4.0 Athari

Tuchukue mfano wa kubuni. Mshtakiwa anatoka Kingerikiti, kata ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Amelelewa kwa Kimatengo na Kiswahili amejifunza shuleni. Maelezo ya onyo aliyoyatoa polisi yanaletwa mahakamani, naye anaulizwa: “Una pingamizi?” Anajibu: “Sina, mheshimiwa.” Anachokusudia ni kwamba hana ugomvi na mahakama. Dai lake kwamba alilazimishwa kutoa maelezo hayo analiweka hadi siku ya kujitetea. Kisheria amechelewa, kwa kuwa kielelezo kilichopokelewa bila kupingwa ni vigumu kukipinga baadaye, hata katika rufani. Alichokijibu ni swali la adabu. Kilichoandikwa katika mwenendo wa shauri ni ridhaa.

5.0 Hitimisho

Haipendekezwi kuliacha neno pingamizi, kwani limekwisha kukita mizizi katika istilahi za sheria na umbo lake ni fasaha. Tatizo liko katika kulitumia peke yake, kama nomino isiyotaja kinachopingwa. Tiba yake ni ya kisintaksia: swali litumie kitenzi na litaje tendo. Hakimu anaweza kuuliza: “Je, maelezo haya uliyatoa kwa hiari yako? Unakubali yapokelewe kuwa ushahidi dhidi yako, au unapinga yasipokelewe? Kwa sababu gani?” Maswali hayo yanaitenganisha hatua na mtu, na yanambainishia mshtakiwa kwamba kupinga si utovu wa heshima. Kazi ya kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama haikomei kwenye orodha ya visawe. Inadai pia uchunguzi wa sentensi ambamo visawe hivyo hutamkwa, na wa masikio yanayovipokea.