Molekuli Pacha za Kioo: Kuchuja Upande Mmoja Hakutoshi

Molekuli mbili zinaweza kuwa na atomi zile zile, zilizoungana kwa mfuatano ule ule, na bado zisiwe kitu kimoja. Moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo, na uigeuze utakavyo hailingani na mwenzake, kama kiatu cha kushoto kisivyoukubali mguu wa kulia. Louis Pasteur alilibaini hilo Ufaransa mwaka 1848, alipotenga kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki katika mafungu mawili, moja likipindisha mwanga kulia na jingine kushoto. Na kwa kuwa protini zetu nazo zimejengwa kwa asidi amino za upande mmoja, mwili huwatambua pacha hawa: kavoni ya upande mmoja hunukia mnanaa, ya upande wa pili hunukia kisibiti.

Hapo ndipo watu hukimbilia kuamini kwamba dawa ikishachujwa upande mbaya, hatari imekwisha. Mfano unaopendwa ni thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Husemwa kwamba upande mmoja ulileta usingizi na mwingine ukadhuru mimba. Lakini kuchuja kusingewaokoa watoto hao, maana ndani ya mwili kila upande hugeuka kuwa mwingine kwa muda wa saa chache. Cha kuuliza, basi, ni mwili utaifanyia nini molekuli baada ya kidonge kumezwa.

Je, si afadhali upande mmoja hata hivyo? Wakati mwingine, ndiyo. Wakati mwingine ni bei tu inayopanda. Esomeprazoli ni upande mmoja wa omeprazoli, ile dawa ya vidonda vya tumbo, lakini kwenye seli zinazotoa asidi pande zote mbili huishia kuwa molekuli moja isiyo na kulia wala kushoto, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Faida iliyobaki ni kwamba ini huivunja esomeprazoli polepole zaidi. Si ndogo, ila si muujiza. Ethambutoli ya kifua kikuu inastahili kuchujwa, kwa sababu upande mmoja hupambana na bakteria kwa nguvu inayoupita mwenzake mbali sana. Hata huo uliochujwa, hata hivyo, unaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na mgonjwa anayeanza kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani anapaswa kurudi kliniki mara moja.