Jirani Asiye na Jamaa

Mwaka wa 1892 wamisionari wa Kijerumani walianza kazi hapa Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo, wakawakalisha watu waliokombolewa katika utumwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliotekwa mbali, wasiojua njia ya kurudi kwao.

Tufikiri hali yao. Mtu huru asiye na ukoo, akiugua, nani ampe maji? Akifa, nani amchimbie kaburi? Mnyororo huvunjwa kwa siku moja, bali kumfanya mgeni kuwa ndugu ni kazi ya kila siku.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka wa 1922, lakini upweke haukukoma. Yuko bibi kizee akaaye peke yake, kando ya mihogo yetu. Mara ngapi tumepita mlangoni pake tukienda kusali, tukisema, “Tutarudi,” wala hatukurudi!

Wala tusiulize kwanza kama aenda kanisani au msikitini. Yule Msamaria alimwona mtu amejeruhiwa. Hakumwuliza dini yake.

Basi, Jumamosi hii baba na achukue jembe, mama ndoo ya maji, watoto kuni. Twende kwa mmoja tu. Nanyi walimu, nendeni pamoja na wanafunzi wenu, kwani upendo haufundishwi kwa ubao na chaki tu. Tukifika tusianze kuhubiri. Tumwamkie, tuwashe moto, tuketi naye kitambo. Na juma lijalo turudi.