Adui wa Wodini Hutambulikana kwa Makosa Yake

Mwalimu asahihishaye mitihani huwatambua wanafunzi walionakiliana si kwa majibu sahihi, bali kwa makosa. Jibu sahihi laweza kutoka vichwani mwa wengi. Lakini kosa lile lile katika swali lile lile aghalabu lina chanzo kimoja. Kwa hekima iyo hiyo wanasayansi huwasaka bakteria sugu hospitalini.

Kila bakteria ana jenomu, yaani maagizo ya uhai wake yaliyoandikwa kwa herufi nne za kikemia. Staphylococcus aureus ana herufi zipatazo milioni 2.8. Anapozaana huyanakili maagizo hayo, na mara mojamoja hukosea herufi. Kosa hilo hurithiwa na vizazi vyake. Basi jenomu za bakteria wa wagonjwa wawili zikitofautiana kwa herufi chache mno, yamkini asili yao ni moja, tena ya karibu.

Mwaka 2011, katika hospitali ya Rosie mjini Cambridge, Uingereza, watoto wachanga 12 walipatikana na bakteria huyo, wa aina isiyosikia dawa ya methisilini, katika muda wa miezi sita. Vipimo vya kawaida vilishindwa kuthibitisha kwamba visa hivyo vilihusiana. Jenomu ziliposomwa, ilibainika kuwa watu 26 walikuwa katika mlipuko mmoja, wakiwamo akina mama na watu wa nje ya hospitali. Wodi ilisafishwa barabara. Zikapita siku 64 bila kisa. Kisha mtoto mwingine akapatikana na bakteria yule yule. Alikuwa amejificha wapi? Wahudumu 154 walipimwa, na mmoja akakutwa amembeba. Akatibiwa ili aondolewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hata hivyo, methali hii isigeuzwe fimbo ya kumchapia mhudumu. Mtu aweza kumbeba bakteria huyu puani au ngozini pasipo kuugua wala kujua. Hospitali ikimfukuza wa kwanza atakayepatikana, ni nani wa pili atakayekubali kupimwa? Naamini sheria za kuwalinda wahudumu ni sharti zitangulie mashine.

Wala mashine hainawi mikono kwa niaba ya mtu. Kazi yake ni kutuonyesha tunawe wapi, tumtenge nani, tumtibu nani. Humu nchini, jenomu za bakteria Klebsiella waliotolewa kwa wagonjwa wa hospitali ya Kilifi zimekwisha kusomwa na watafiti. Elimu hiyo isikomee katika majarida ya wataalamu. Ifike wodini mapema, kabla mtoto wa kitanda cha pili hajaambukizwa.

Nanyi walimu wa bayolojia, mnapofundisha urithi, waambieni wanafunzi kwamba herufi moja iliyokosewa yaweza kuokoa maisha ya mtoto, mradi awepo wa kuisoma.