Springi na Shokapu: Tuujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Mwenye kusafiri kwa motokaa kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga siku hizi hupita juu ya lami, katika barabara iliyojengwa kwa msaada wa fedha za Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008. Lakini Ufipa si barabara kuu peke yake. Anayetaka kuwazuru jamaa zake katika bonde la Ziwa Rukwa hana budi kuuteremka ukingo uitwao Lyamba lya Mfipa, kutoka uwanda ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari hadi ziwani, penye takriban mita 800. Katika mteremko kama huo uzito wa motokaa, pamoja na roho za waliomo, huielemea miguu yake ya mbele. Miguu hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Kijana mmoja wa jamaa zetu alikuja Sumbawanga na Subaru Impreza, motokaa ya mbio, ambayo aliipenda kupita kiasi. Siku ya pili tukamwona amekaa kizingitini, ameshika tama. Motokaa ilikuwa ikigonga upande wa mbele kila ikipita shimo, na usukani ulipozungushwa ilitoa mlio mfano wa uzi wa gambusi unaokatika. Fundi mmoja alikuwa ameisikiliza kwa muda wa dakika mbili tu, kisha akatoa hukumu kwamba shokapu zote nne zimekufa. Ili kupata fedha hizo, kijana alikusudia kuuza magunia ya mahindi ya mama yake, mama yule yule ambaye angempeleka bondeni kesho yake.

Jirani mmoja akasema kwa mzaha kwamba labda motokaa imerogwa. Tukacheka, kwani jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Tukamwita mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi miaka mingi. Akasema, "Mwanangu, chuma hakirogwi. Kila mlio una sababu yake. Kabla ya kufungua nati hata moja, tuitazame ikiwa imesimama."

Maneno hayo ndiyo msingi wa makala yetu, na kwanza hatuna budi kujua kazi ya kila kitu. Springi ndiyo inayoubeba uzito wa motokaa. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kubonyea, na hufanya hivyo kwa kuyasukuma mafuta yaliyo ndani yake kupita katika vitundu vidogo, hata nguvu ya mruko ikageuka kuwa joto. Katika motokaa nyingi za leo viwili hivi vimeunganishwa kuwa mguu mmoja, springi ikizunguka juu ya shokapu. Mpango huu huitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani. Kampuni ya Ford iliutumia katika Consul na Zephyr za mwaka 1950, na Zephyr ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1955. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari hiyo kwa Subaru Impreza, nayo yasimama juu ya miguu ya namna hiyo hiyo. Kwa hivyo mguu huu si dhaifu kwa barabara zetu, ila wataka kutunzwa na kufahamiwa.

Kwa kuwa kazi zao ni mbali mbali, dalili zao nazo ni mbali mbali. Springi ikilegea au ikivunjika, motokaa huinama. Isimamishwe mahali palipo sawa, bila ya mzigo, na matairi yake yawe ya kipimo kimoja na yenye upepo ulio sawa. Kisha upimwe urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita moja na nusu au zaidi, springi ya upande huo itiliwe shaka. Mara nyingi hukatika katika mzunguko wake wa chini kabisa, ndani ya kikalio chake, kwani hapo tope na maji hukaa, rangi hubanduka na kutu hula. Asiyepaosha mahali hapo kwa maji na kupatazama kwa taa hataliona kosa.

Shokapu ikifa, motokaa haiinami bali huyumba. Ukilisukuma bodi chini kwa nguvu penye gurudumu kisha ukaliacha, linapasa kupanda na kutulia. Likiruka mara mbili au tatu, shokapu imechoka. Lakini motokaa za mbio zina springi ngumu, na jaribio hili laweza kutudanganya, basi tutafute ushahidi mwingine. Tuupapase uso wa tairi. Ukiwa na mabonde mabonde kama kisahani, huenda gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani. Tuitazame shokapu yenyewe: unyevu mdogo wa mafuta si kitu, ama mafuta yanayochuruzika ni dalili ya kifo. Tena baada ya kwenda mwendo mrefu katika barabara yenye mikunjo kama bati, tuzikaribie kwa uangalifu tukazisikie joto lake. Iliyo baridi kati ya wenzake walio moto haikufanya kazi.

Ama milio, hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Kugonga katika vishimo vidogo mara nyingi hutoka katika viungo vidogo vya stabilaiza, au katika bushi zilizoliwa, au katika bolijointi, navyo kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko shokapu. Vitazamwe kwanza. Usukani ukizungushwa motokaa ikiwa imesimama, na mlio ukasikika, huwa ni beringi iliyo juu ya mguu imekwama, au springi iliyokatika inaruka katika kikalio chake. Mtu mmoja azungushe usukani polepole, na mwingine aiguse springi kwa nje kwa ncha za vidole, wala asiingize vidole kati ya mizunguko yake. Itakapojikunja kisha ikajifyatua, ataisikia.

Hivyo ndivyo alivyofanya mzee wetu. Upande wa kulia ulikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. Akaosha tope, akamulika, akatuonyesha ncha ya springi iliyokatika, kali kama jembe jipya, ikielekea ukuta wa tairi. Shokapu zote nne zilikuwa kavu na nzima. Kijana alinyamaza kimya. Lau angalizinunua zote na kuiacha springi ile ile, angaliteremka Lyamba na mama yake hali upanga u karibu na tairi. Zikanunuliwa springi mbili za mbele tu, kwani hubadilishwa kwa jozi ili motokaa isisimame upande. Mahindi yakabaki ghalani.

Hata hivyo, ipo kanuni inayopinduka. Baadhi ya Subaru Forester zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe kwa mwendo, nazo husaidia kuubeba uzito, kwa hivyo springi zake zimefanywa laini. Hizo zikifa, motokaa hukaa chini kwa nyuma ijapokuwa springi ni nzima. Mwenye kuziondoa na kutia za kawaida lazima abadilishe na springi pia, ama sivyo motokaa itaendelea kuchuchumaa.

Vijana nao tunawausia mambo mawili. La kwanza, msizikate springi ili motokaa iwe fupi na ya kupendeza. Springi iliyokatwa yaweza kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia, na shokapu hugonga mwisho wake katika kila shimo hata ikafa mapema. La pili ni la uhai. Msiifungue kamwe nati ya juu ya mguu kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake maalumu. Springi iliyojikunja ina nguvu ya kuua, na kamba au waya havitoshi. Kabla ya kulegeza bolti za chini zitiwe alama, na kazi ikiisha magurudumu yapimwe ulingano, yasije yakala matairi upande mmoja.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, malungu, na hakuna aliyepata jembe jema kwa kubahatisha. Fundi wa leo naye ameaminiwa mali ya watu na roho zao, na hiyo ni amana. Mwenye motokaa asione haya kumwuliza, "Umejuaje?" Fundi mwaminifu ataonyesha kwa kidole, na asiyeweza kuonyesha asipewe fedha.

Kijana wetu aliondoka alfajiri, mama yake akiwa amekaa mbele. Jioni zikaja habari kwamba wamefika bondeni salama, na katika kona zote hakukusikika mlio ila sauti ya mama akimwambia mwanawe apunguze mwendo.